Umeungama, lakini je, umerudisha?

KAMA ulipita katikati ya jiji la Nairobi jioni ya Jumatano ya Majivu, bila shaka uliwaona. Karani wa benki, mwanafunzi wa chuo kikuu, mama muuza mboga na utingo wa matatu, wote wakiwa na alama nyeusi ya msalaba kwenye paji la uso. Mwaka 2024 siku hiyo iliangukia tarehe 14 Februari, siku ya wapendanao, na vijana wengi walijikuta njia panda, ua jekundu mkononi na majivu usoni. Ndani ya matatu nilimsikia msichana mmoja akimwuliza mwenzake iwapo kuku ni nyama. (Ni nyama, binti yangu. Samaki ndiye aliyesamehewa.)

Lakini majivu hayakai. Ukinawa uso mara moja yamekwisha. Ndiyo sababu leo ningependa tuulizane swali ambalo wengi wetu hatupendi kuulizwa: majivu yakishafutika, ni nini kinachobaki?

Swali hilo nitalipeleka hadi Embu na Meru, upande wa mashariki wa Mlima Kenya. Ndiko nilikoungama mara ya kwanza nikiwa mtoto, na ndiko wengi wetu tunaoishi mijini tulikoacha madeni yetu. Sisemi madeni ya dukani tu.

Siku 40 za nini?

Neno Kwaresima lina asili yake katika Kilatini, na maana yake ni arobaini. Lakini ukihesabu kuanzia Jumatano ya Majivu hadi Jumamosi Kuu utapata siku 46. Usidhani kwamba mapadri hawajui hesabu. Jumapili sita zilizomo katikati hazihesabiwi kuwa siku za mfungo, kwa kuwa kila Jumapili ni ukumbusho wa ufufuko.

Majivu yenyewe hupatikana kwa kuchoma matawi yaliyobarikiwa Jumapili ya Matawi ya mwaka uliotangulia. Matawi yale yale tuliyoyapunga kwa shangwe ndiyo tunayopakwa usoni mwaka ukizunguka.

Sheria ya Kanisa Katoliki kuhusu mfungo si kali kama wengi wanavyofikiri. Mtu mwenye umri wa miaka 18 hadi 59 hufunga Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, yaani hula mlo mmoja kamili na viwili vidogo. Kuacha nyama kunaanzia miaka 14. Mengine yote mtu hujipangia mwenyewe, na hapo ndipo mambo yanapoanza.

Kule kwetu Kwaresima hufika wakati ardhi imekauka. Kiangazi cha Januari na Februari kimemaliza nyasi, na wakulima wanalima mashamba wakingoja mvua ya masika. Mtu anapoambiwa kanisani autayarishe moyo wake, nje ya dirisha anamwona jirani akitayarisha shamba la mahindi na maharagwe. Hahitaji maelezo mengi.

Basi kila mmoja hujiwekea nadhiri. Huyu anaacha pombe. Yule anaacha miraa, na kwa mtu wa Igembe hilo si jambo dogo. Kule Mbeere mwenzake anaacha muguka. Mwanafunzi anaacha soda, mama anaacha sukari katika chai, na siku hizi wapo wanaofunga simu, yaani hawaingii mitandaoni hadi Pasaka. Mimi siwacheki. Niliwahi kujaribu kuacha chai ya saa nne na sikumaliza wiki.

Hata hivyo, nabii Isaya, katika ile sura ya 58, aliwakemea watu wa zama zake waliofunga kwa namna hiyo hiyo. Waliinamisha vichwa, wakalalia magunia na majivu, na siku ile ile ya mfungo wakawaonea vibarua wao. Mungu aliukataa mfungo huo.

Vibarua! Hebu tusimame hapo kidogo. Yule msichana anayekulelea mtoto hapo Umoja au Kahawa West, uliyemtoa Runyenjes au Nkubu ukimwahidi mama yake kwamba utampeleka kujifunza ushonaji, mshahara wake wa mwezi uliopita umemlipa? Na mama aliyechuma kahawa yako kwa debe, lile debe ulilipima sawasawa ama ulilitikisatikisa hadi likameza mbili? Mtu anaweza kukaa siku 40 bila kuonja nyama na bado akawa anakula jasho la mwenzake kila siku.

Wazee walijua

Ukristo si wa zamani sana upande huo wa mlima. Waanglikana walifungua kituo chao cha Kigari, Embu, mwaka 1910. Wamethodisti waliingia Meru mwaka 1912, na Daktari Archibald Irvine wa Kanisa la Scotland akaanza kazi Chogoria mwaka 1922. Wakatoliki walihubiriwa na wamisionari wa Consolata kutoka Turin, Italia. Meru ikawa jimbo kamili mwaka 1953, na mwaka 1986 Embu ikakatwa kutoka Meru na kupewa askofu wake wa kwanza, John Njue, ambaye baadaye alifanywa Kadinali.

Lakini wamisionari hao hawakuwakuta watu wasiojua uzito wa kosa. Wameru walikuwa na neno mugiro, hali ya unajisi inayomshika mtu aliyevunja mwiko. Hali hiyo haikuondoka kwa kusema samahani. Ilibidi mtaalamu aitwe, mnyama achinjwe, mtu atakaswe.

Makosa dhidi ya jirani yalipelekwa mbele ya wazee, na yale mazito mbele ya Njuri Ncheke, baraza kuu la Wameru ambalo makao yake ya kihistoria yako Nchiru, Tigania. Faini ilitozwa kwa mbuzi, kondoo au fahali, kisha watu walikula pamoja. Aliyekataa kula na mwenzake alijulikana kwamba bado ana neno moyoni.

Hata hadithi ya wana wa Israeli kutoka Misri haikuwa ngeni masikioni mwao. Wazee wa Kimeru husimulia jinsi babu zao walivyoutoroka utumwa wa Nguo Ntuune, watu wa mavazi mekundu, katika nchi iitwayo Mbwaa, wakavuka maji wakiongozwa na Koomenjwe. Padri Bernardo Bernardi wa shirika la Consolata aliandika habari za Mugwe, kiongozi wa kiroho wa Wameru, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1959. Wapo wanaosema hadithi ya Mbwaa iliongezewa chumvi na mafundisho ya misheni. Huenda. Lakini mzee anayeisimulia hukaa wima kitini kama aliyevuka mwenyewe.

Sisemi kwamba mila na sakramenti ni kitu kimoja. Ninachosema ni kwamba babu zetu wasingemwelewa mtu anayedai amepatana na Mungu huku mbuzi wa jirani yake wangali zizini mwake.

Swali la padri

Mtaguso wa Laterano wa mwaka 1215 uliamuru kila Mkristo aliyefikia umri wa kutambua mema na mabaya aungame dhambi zake angalau mara moja kwa mwaka, na Kanisa Katoliki lingali linaishika amri hiyo. Ndiyo maana wiki za mwisho za Kwaresima foleni za maungamo huwa ndefu kuliko za benki.

Katekista alitufundisha hatua zake: kuchunguza dhamiri, kujuta, kukusudia kutorudia, kuungama kwa padri, na mwisho kutimiza malipizi. Hatua nne za kwanza nilizijua vizuri. Ya tano nilidhani ni Salamu Maria tatu, na mtu akienda zake amemaliza.

Nilikuwa kidato cha pili katika shule ya bweni. Nyanya yangu, aliyeishi karibu na mto Thuci, mpakani mwa Embu na Meru ya zamani, alikuwa ameuza gunia la maharagwe ili nipate vitabu viwili. Nikamwandikia barua kwamba bei imepanda. Akauza debe mbili zaidi. Vitabu nilinunua, na pesa za juu zikawa viatu vya mtindo uliokuwa ukivuma wakati huo.

Kwaresima ikafika. Nikapiga foleni na wenzangu, nikapiga magoti, nikaanza kuyataja mbiombio: nimetukana, nimekosa Misa, nimeiba, nimesema uongo. Padri alikuwa Mwitaliano mzee aliyekijua Kimeru kuliko wengi wetu. Akanikatiza.

“Umeiba nini?”

“Pesa, Padri.”

“Za nani?”

“Za nyanya.”

“Yeye anajua?”

“Hapana, Padri.”

“Basi utamwambia. Hayo ndiyo malipizi yako.”

Nilimwomba anipe rozari nzima badala yake. Alikataa.

Nilikaa na jambo hilo mwaka mzima. Likizo ya Aprili ya mwaka uliofuata ndipo nilipomwambia nyanya, tukiwa jikoni, nikiangalia moto badala ya uso wake. Hakunikemea. Alinyamaza, akaepua chungu, kisha akasema, “Kesho uamke mapema, mjukuu wangu, kuna mitaro ya kuchimba.”

Nilichimba mitaro ya kuzuia maji siku sita. Kila jioni alikuja, akatia fimbo yake ndani kupima kina, na palipokuwa pafupi akaniambia nirudie. Jumapili alinikaangia yai, na kwetu yai halikukaangwa ovyo.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotolewa mwaka 1992 inalieleza jambo hili bila kuzungusha. Aliyeiba hana budi kurudisha alichoiba, na aliyemharibia mwenzake jina hana budi kulisafisha. Padri huondoa dhambi, lakini shimo ulilolichimba hukuachia ulifukie.

Nanyi ndugu zetu Waprotestanti msidhani mmeponea hapo kwa sababu hamna kizimba cha maungamo. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliochipuka Gahini nchini Rwanda na kufika Kenya mwaka 1937, ulikuwa na maungamo makali zaidi, kwani mtu alisimama mbele ya watu wote akayataja makosa yake. Isitoshe, wengi hawakuishia kusema. Walirudi kwa waajiri na majirani wakiwa wamebeba vyombo na pesa walizoiba. Kuna waliowacheka. Lakini hebu fikiria uso wa mwenye mali anapoletewa jembe ambalo alikwisha kulisahau. Walikuwa wakimfuata Zakayo, yule mtoza ushuru wa Yeriko, aliyeahidi kurudisha mara nne.

Habari za shamba

Haya, viatu na majembe ni mambo madogo. Ukitaka kuijua dhambi inayolaza watu macho Embu na Meru, uliza habari za shamba.

Udongo wa mteremko ule ni mzuri, chai juu karibu na msitu, kahawa chini yake, na bonde la joto la Mbeere na Tharaka mbali zaidi. Mashamba yamegawanywa baba kwa mwana hadi mengine sasa ni vipande vya kutosha nyumba na migomba. Mzee anapofariki bila kugawa, hatimiliki hubaki sandukuni mwa mtoto mmoja na uchungu hubaki kwa wengine wote. Nenda Mahakama Kuu ya Embu au ya Meru siku ya kutajwa kwa kesi za urithi, ukae tu kwenye benchi. Utawaona watu waliozaliwa tumbo moja wakiketi pande mbili za ukumbi.

Na mabinti je? Sheria ya Urithi ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1981, na tangu hapo haimtengi mtoto wa kike anapogawa mali ya marehemu. Katiba ya mwaka 2010 ikatilia mkazo. Bado unamsikia mwanamume mwenye elimu yake akisema, dada alikwisha kuolewa, ana kwao. Mtu huyo huyo Jumapili husimama kanisani kusoma somo la kwanza kwa sauti nzuri, na dada yake aliyeachwa na mume amekodi chumba kimoja mjini, analipa kodi kila mwezi, ilhali pesa za kahawa ya baba yao zinaingia katika akaunti moja tu.

Yesu alifundisha kwamba ukiwa umefika altareni na sadaka yako, kisha ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno nawe, uiache sadaka papo hapo uende kwanza mkapatane. Angalia ajabu yake: Mungu anakubali kungoja. Tena hakusema ukikumbuka kwamba wewe una neno naye. Alisema yeye ana neno nawe. Tofauti hiyo wengi hatuioni, kwa sababu tunapojichunguza huwa tunachunguza tulivyokosewa.

Wewe uliye Nairobi usijione mwema kwa kuwa hukugusa shamba. Ndugu yako aliyebaki nyumbani ndiye aliyemwogesha mama alipougua, akalala hospitalini kwenye kiti, wewe ukituma M-Pesa siku ulipokumbuka. Sasa mama hayupo na unataka sehemu sawa, tena ile ya barabarani. Je, umewahi hata kumshukuru? Nawe kijana wa chuo, kuna mtoto aliyezaliwa Chuka ambaye hujamtaja popote isipokuwa, labda, kwa padri?

Tume ya Haki na Amani ya maaskofu Wakatoliki huandaa Kampeni ya Kwaresima kila mwaka, ikiwa na mada za kujadiliwa wiki baada ya wiki katika jumuiya ndogo ndogo. Nimehudhuria mikutano hiyo. Ikitajwa mada ya ufisadi serikalini tunazungumza hadi taa inazimwa. Ikitajwa mada ya familia, mtu anakumbuka ghafla kwamba aliacha maziwa jikoni.

Yasiyorudishika

Kuna usiku mmoja ambao siwezi kuandika juu ya toba Meru nikauruka. Usiku wa tarehe 13 Julai 1991, wavulana wa shule ya sekondari ya mseto ya St. Kizito, Tigania, walilivamia bweni ambamo wasichana wenzao walikuwa wamejificha. Wasichana hao walikuwa wamekataa kujiunga na mgomo. Wasichana 19 walikufa na 71 wakabakwa. Shule ilikuwa ya Kikatoliki, na jina lake lilikuwa la yule shahidi kijana wa Uganda aliyechomwa Namugongo mwaka 1886.

Nchi ililia, magazeti yaliandika, kesi zikasikizwa. Lakini wavulana wale hawakuanguka kutoka mbinguni. Walilelewa katika nyumba za watu wanaosali, wakabatizwa, wakapata kipaimara. Wapo watu wazima waliolieleza jambo lile siku zilizofuata kana kwamba ni utundu wa vijana uliovuka mpaka. Hapo ndipo ninapokwama kila mara ninapoufikiria usiku huo. Dhambi ya mvulana mmoja ataiungama mwenyewe. Ile desturi ya nyumba nzima, ya kumfundisha mwana kwamba dada yake ni wa kuamrishwa, nani ataipigia foleni?

Walionusurika sasa ni wanawake wa makamo, wengine ni mama wa watoto waliokwisha kupita umri huo. Hakuna anayeweza kuwarudishia kitu. Lakini mzazi anayesoma ukurasa huu Jumapili hii anaweza kumwita mwanawe wa kidato cha pili, azime televisheni, amsimulie yaliyotokea Tigania, kwa majina yake halisi, bila kuyaita utundu.

Kama umekusudia

Watu huwauliza mapadri: niliyemkosea amekwisha kufa, nifanyeje? Mafundisho ya zamani ya Kanisa ni kwamba haki yake iende kwa warithi wake, na wasipopatikana, kwa maskini. Wengine huogopa aibu. Ikiwa ni kitu cha kurudishwa na huwezi kujitokeza, mwombe padri akifikishe bila kutaja mtumaji. Hatakutaja, kwa kuwa padri anayevunja siri ya maungamo hujitenga na Kanisa papo hapo.

Usingoje Alhamisi Kuu, kwani siku hiyo padri mmoja ana watu mia wa kuwasikiliza na hana nafasi ya kukuuliza maswali kama niliyoulizwa mimi. Ijumaa yoyote baada ya Njia ya Msalaba ni afadhali. Nenda na karatasi kama kumbukumbu yako si nzuri, kisha uichome.

Wiki Takatifu, stejini Tea Room, nauli ya Embu na Meru hupanda na matatu hujaa kabla ya jua kuchomoza. Nunua tikiti mapema. Mtapita Makutano, mtapita mashamba ya mpunga ya Mwea, na wale wa Meru mtateremka hadi daraja la Nithi, pale ambapo zaidi ya watu 30 walikufa katika basi moja Julai 2022. Hapo abiria wengi hunyamaza.

Ukishuka, iwe Runyenjes, Chuka au Nkubu, usianze kwa kupeleka mzigo kwako. Nunua kilo mbili za sukari na pakiti ya majani, upite kwanza kwa yule unayemjua. Akikukaribisha ndani, keti na unywe utakachopewa. Akikuacha mlangoni, sema neno lako ukiwa umesimama, umpe vile vitu, uende. Beba mwavuli, maana wakati wa Pasaka kule mvua huja mchana.